Ukurasa Haupo

Moto ulipoteketeza Soko la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021, jengo lile alilolichora Beda Amuli na ambalo lilifunguliwa mwaka 1975, mteja aliyerudi kumtafuta muuza mbegu wake hakukiona kizimba. Lakini hakukosa mtu wa kumwelekeza: mchukuzi au mama wa chai angemwambia, “Mzee, huyo kahamia Kisutu.” Ustaarabu huo siuoni katika tovuti nyingi za ofisi zetu.

Nilikuwa katika duka la steshenari Mtaa wa Msimbazi, mstaafu mwenzangu akichapishiwa fomu ya mafao. Anwani aliipewa na ofisi yenyewe, nami sitaitaja. Kijana alipoiandika, ikatokea namba 404, sentensi ndefu ya Kiingereza, na chini kabisa jina na toleo la programu inayoendesha tovuti, Apache Tomcat. Mzee wa watu alidhani jalada lake limepotea. Mwizi, kwa upande wake, ameshaambiwa mlango una kufuli la aina gani.

Namba yenyewe siilaumu, maana inasema kweli. Ninachokilaumu ni uvivu. Niliwakataza wanafunzi wangu wa ualimu kuandika “kosa” kwa wino mwekundu pasipo kuonyesha liko wapi. Na katika Java kazi hii si nzito: tangu kanuni za Servlet 2.2 za mwaka 1999, faili liitwalo web.xml linamruhusu mtunga programu kutaja namba ya kosa na ukurasa utakaoonyeshwa, kwa lugha aipendayo. Ni mistari minne.

Wapo wanaojidai wamelitatua kwa kumtupa mgeni kwenye ukurasa wa mwanzo, kimya. Hao naona wamekosea zaidi. Mwisho wa safari seva hujibu 200, yaani mambo ni sawa, ilhali kitu hakipo. Msomaji anabaki akijiuliza kama alibonyeza vibaya. Kilichohamishwa kina namba yake, 301, impelekayo mtu moja kwa moja kilipo. Kilichoondolewa kabisa kina 410.

Kwa fomu ya mzee yule, 301 ingetosha, kwani ilikuwa imehamishiwa folda nyingine tu. Na pale ambapo hata mwenye tovuti hajui kitu kilikwenda wapi, aandike hivi: “Ukurasa huu haupo. Fomu zote ziko hapa,” kisha aweke namba ya simu inayopokelewa.