Buti la Safari Ndefu: Namna ya Kulipima

Buti zuri hujulikana kisiginoni. Mnunuzi wa mitumba sokoni Homa Bay au Migori huvutiwa kwanza na ngozi inayong'aa, ila kung'aa ni kazi ya dakika mbili na kopo la rangi. Heri aubane ukuta wa kisigino kwa vidole viwili. Ukikunjika kama karatasi, mguu utapanda na kushuka ndani ya kiatu kila hatua, na msuguano huo ukikutana na jasho huzaa malengelenge.

Kisha soli. Buti likikunjwa kwa mikono lipinde pale vidole vya mguu vinapoanzia, si katikati ya wayo. Tabaka laini lililo juu ya soli ndilo la kuogopwa zaidi katika mtumba. Mara nyingi ni la poliurethani, ambayo huliwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa miaka stoo bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti linaloonekana jipya huweza kubanduka soli siku ya kwanza njiani. Tabaka likimeguka chembechembe linapokwaruzwa kwa ukucha, liachwe, hata likiuzwa bei ya kutupa. Gundi ya fundi haishiki unga.

Buti hujaribiwa alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, tena kwa soksi zilezile za safari. Kabla ya kufunga kamba, mguu husukumwa mbele hadi vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino kidole kimoja kipenye. Got Asego, kilima kilicho juu ya mji wa Homa Bay, humfanya mpandaji aheme, lakini kucha huumizwa wakati wa kushuka. Hapo kamba hukazwa kifundoni ili vidole visigonge mbele.

Katika Bonde la Lambwe, iliko Mbuga ya Ruma, udongo mweusi hunata vibaya mvua ikinyesha. Soli yenye meno yaliyosongamana hugeuka donge la tope; yaliyoachana hujisafisha. Gambuti, kiatu cha wachimba dhahabu wa Migori, huzuia maji na kufungia jasho ndani. Akala hupitisha hewa, ila haishiki kifundo.

Soksi za pamba hulowa na kukawia kukauka. Sufu ni bora. Buti lililolowa hujazwa magazeti na kuanikwa kivulini, kwani kando ya jiko ngozi hupasuka na gundi huachia.