Kuhani Si Mpiga Ramli

Ndugu msomaji, imekuwa ikisikika katika baadhi ya darsa zetu hoja hii: neno "kuhani" la Biblia ya Kiswahili ni "kaahin" la Kiarabu, kaahin ni mpiga ramli aliyeharamishwa, basi makuhani wa Bani Israil walikuwa wapiga ramli. Tunasema hoja hii ni batili, na hatari yake ni kubwa, kwani kuhani mkuu wa kwanza wa Bani Israil katika Taurati yao ni Nabii Harun (a.s.).

Asili ya neno yaweza kuwa moja na maana zikaachana. "Kohen" wa Kiebrania ni mtumishi wa madhabahu. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 18, huanza kwa haki za makuhani, kisha aya ya 10 inakataza uaguzi. Vipi mlango mmoja umpe mtu haki yake na umharamishe?

Utumishi wao uliitwa "avodah", neno lenye asili moja na ibada. Walichinja na kufukiza, wakakagua maradhi ya ngozi (Walawi 13), wakatakiwa kuhifadhi elimu (Malaki 2:7). Fungu la ardhi hawakupewa.

Kweli, kwetu hakuna ukuhani wa nasaba. Imamu hutangulizwa kwa kisomo na elimu. Tofauti hiyo ielezwe kama ilivyo, bila kuzua. Tumeamrishwa uadilifu hata kwa tunaowachukia (Qur'ani 5:8), na mimbari ndiyo inayostahiki zaidi kuutekeleza.

Wallaahu a'lam.