Mahali pa Spea

Tela la kambi lina vitu vingi vya kumvutia mnunuzi: jiko linalovutwa nje kwa reli, tangi la maji, hema la kukunjua juu ya paa, taa za sola. Mimi huanza na spea. Jinsi tairi la akiba lilivyofungwa hunieleza fundi aliifikiria vipi safari, maana hicho ndicho kishikizo pekee kwenye tela kinachodaiwa mambo mawili yanayopingana. Kinatakiwa kikamate kilo 35 au 40 za mpira na chuma bila kutikisika kwa mamia ya kilomita. Kisha, siku tairi linapopasuka, kinatakiwa kimwachie mzigo huo mtu mmoja aliyechoka, giza likiingia, tena bila ugomvi.

Anayeona ni jambo dogo aipite njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero, ile inayopita Selela na Engaruka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa hadi karibu na Ziwa Natron. Mawe ya volkano yaliyotapakaa huko yana makali, na hupenda kuchana ubavu wa tairi, mahali ambapo fundi pancha hana la kufanya. Au aende Serengeti kwa barabara ya Naabi katika kiangazi, wakati changarawe imejipanga matuta madogo madogo kama bati. Gari lina springi ndefu na shoka-abzoba za kupunguza pigo. Matela mengi yana springi za mapande tu, magumu, yaliyowekwa kwa ajili ya mzigo. Kila tuta linalipiga tela mara moja kwenye gurudumu, halafu linaipiga spea mara ya pili, kwa sababu spea imening'inia mbali na springi, mwisho wa mkono wa chuma. Pigo likiwa zito mara tatu ya uzito wa kawaida, kilo 35 huwa zaidi ya 100 kwa nukta ya sekunde. Chuma hakivunjiki kwa pigo moja la namna hiyo. Kinachoka. Ufa huanza ukingoni mwa weldi, mwembamba usioonekana, ukasogea kidogo kidogo.

Swali la kwanza la fundi basi si la kuchomelea. Ni spea ikae wapi. Watu wengi huiweka nyuma kwa sababu nyuma kuna nafasi na tela linapendeza kwa macho. Tuchukue tela la kilo 1,000 lenye mita 3 kutoka ekseli hadi kichwa cha kuunganishia. Kanuni inayofuatwa sana na wasafiri wa nje ya lami ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito, yaani kilo 100, iegemee kwenye gari. Funga spea ya kilo 35 mita 2 nyuma ya ekseli: umeondoa kilo 23 hivi kwenye pua ya tela. Ukiifunga mita 2 mbele ya ekseli, umeongeza kilo 23 zile zile. Kati ya uamuzi mmoja na mwingine kuna tofauti ya kilo 46, na tela lenye pua nyepesi ndilo linaloanza kupiga mkia gari linaposhuka mlima kwa kasi. Uzito uliokaa nyuma kabisa, mtikisiko ukishaanza, huuchochea zaidi.

Mimi napendelea spea ikae mbele, juu ya mkono wa kuvutia, imesimama wima na kuegemea kisanduku cha tela. Najua lawama zake. Magurudumu ya nyuma ya gari hurusha mawe moja kwa moja kule, hivyo pazia la mpira ni lazima. Mlango wa nyuma wa gari unaweza kuigonga. Gari likikata kona kali, bampa linaweza kuifikia. Lakini hayo yote yanapimika kabla chuma hakijakatwa: unganisha tela, zungusha usukani mpaka mwisho, rudi nyuma polepole kulia, halafu kushoto, huku mtu amesimama pembeni akitazama. Fundi anayechomelea kabla ya kufanya hivyo anakisia. Chini ya chesisi sipapendi kabisa. Huko spea inakula kimo cha tela, inapakwa tope, na siku ya shida utalala kwenye tope hilo hilo kuifungua. Juu ya paa pia hapana. Uzito unapanda juu, na nani atashusha kilo 40 kutoka juu ya kichwa chake?

Kuna jambo linalotangulia hata hilo: spea iwe ya gari na ya tela kwa pamoja. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zilizotoka kuanzia 1999 zina stadi 5 kwenye duara la milimita 150. Za kabla ya hapo, pamoja na Hilux nyingi, zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. Tela likipewa habu zinazolingana na za gari, na tairi za saizi moja, tuseme 7.50R16 zilizozoeleka huku kwetu, basi spea zote zinaingia kokote. Ukiipanua ekseli mpaka magurudumu ya tela yapite palepale yalipopita ya gari, umepata faida nyingine mchangani: tela halichimbi njia mpya.

Nilimtazama fundi mmoja wa Arusha akifanya kazi hii, na tangu siku ile naiheshimu. Mwenye tela alikuwa mwanamke, mwongoza watalii, si mrefu. Fundi alikuwa ameshakata paipu za mraba na kuliandaa bamba la kupokelea rimu, lakini hakulichomelea. Alimwita.

"Dada, samahani, libebe hilo tairi kidogo."

"Nalipeleka wapi, fundi?"

"Hupeleki popote. Linyanyue tu mpaka mahali ambapo bado unaweza kuzungumza na mimi."

Akalinyanyua, akaliegemeza mapajani. Fundi akachora mstari wa chaki kwenye chuma, usawa wa tundu la katikati la rimu, kisha akashusha kipimo upana wa vidole vinne. "Sasa hivi umepumzika," akamwambia. "Huko utakuwa umechoka." Kimo cha kishikizo kile kilitoka kwenye mwili wa mtu atakayekitumia, na sijaona kipimo bora zaidi ya hicho katika gereji yoyote.

Halafu zikafuata stadi. Aliweka 3, akaeleza kuwa spea haivuti gari, inashikwa tu. Ya juu aliifanya ndefu kuliko wenzake kwa vidole viwili, na ncha yake akaisaga kwa grainda mpaka ikachongoka. Faida yake utaiona ukiwa peke yako: unasimamisha tairi, unapenyeza koleo chini yake, unakanyaga mpini, tairi linapanda, na tundu moja linajiingiza kwenye ile stadi ndefu. Hapo uzito umeshabebwa. Matundu mengine utayatafuta kwa utulivu, ukizungusha tairi kidogo huku na huku. Nati alizotumia ni zile zile za magurudumu ya gari, zenye mdomo wa mshazari unaokaa sawasawa ndani ya tundu la rimu, ili spana moja ifanye kazi zote.

Bamba hilo halikukaa bapa kwenye fremu. Alilitoa mbele kwa kipande kifupi cha paipu, liingie ndani ya tumbo la rimu, na uso wa nje wa gurudumu ubaki unatazama nje. Vali ikabaki wazi. Hili ni dogo kwa kulisikia, lakini spea hupungua upepo taratibu bila kumwambia mtu, na vali iliyogeuziwa ndani haipimwi. Nyuma ya tairi akabandika vipande viwili vya mpira mgumu, nati zikikazwa ubavu wa tairi uviminye kidogo. Kitu kilichobanwa hakichezi, na kisichocheza hakichoshi chuma.

Kuhusu weldi alikuwa mkali kwa msaidizi wake. Hakuna kuchomelea kwa kukatisha boriti ya mkono wa kuvutia, hasa upande wa chini unaovutika kila tela linapodunda. Kwanza bamba la kutandaza mzigo, ncha zake zimekatwa mshazari, lichomelewe kwa urefu wa boriti. Kishikizo kikae juu ya bamba hilo. Nguvu ikishuka kwenye boriti polepole haipati mahali pamoja pa kuanzia ufa.

Wale wanaolazimika kuweka spea nyuma, kwa sababu ya urefu wa sanduku au umbo la pua, hujenga mkono unaofunguka pembeni. Bawaba ya mlango haifai, italegea mapema. Mafundi wazuri huchukua habu na ekseli fupi ya gurudumu la tela, yenye beringi zake mbili, wakaisimamisha wima ikawa ndiyo bawaba. Kifaa kilichoundwa kubeba mamia ya kilo kikizunguka hakishindwi na mkono wa spea, na ukikitia grisi kitafunguka kwa kidole. Upande wa pili mkono upumzike juu ya kiti cha mshazari, ujibane wenyewe unapofungwa, halafu ndipo komeo na pini vifuate. Komeo lisibebe uzito.

Wezi nao wapo. Mnyororo na kufuli vinanitosha. Nati ya ufunguo maalumu siitaki, kwani ufunguo wake hupotea kwa urahisi, na porini hakuna wa kukuazima. Turubai la kufunika nalo ni la lazima, maana jua hupasua mpira hata usiotembea. Angalia tarakimu 4 za mwisho ubavuni mwa tairi: 3218 ni wiki ya 32 ya mwaka 2018. Tairi lenye meno mapya kabisa linaweza kuwa limezeeka.

Fundi yule hakuagana na mteja moja kwa moja. Alimtaka akaze nati upya baada ya kilomita 50 za kwanza, na arudi na tela baada ya safari ya kwanza, likiwa halijaoshwa. Nilimuuliza kwa nini lisioshwe. Alisema ufa hutoa unga mwekundu wa kutu kupitia rangi, na maji yanauondoa. Kwa ukaguzi huo hakudai hata shilingi.

Kwa hiyo ukienda kutazama tela linalouzwa, acha jiko na taa kwanza. Mwombe muuzaji aishushe spea mbele yako, kisha airudishe mahali pake, akiwa peke yake, kwa spana ile ile inayofungua magurudumu ya gari.