Jina humsema mzazi kabla ya kumsema mtoto

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne kazi ya jina katika riwaya. Atakujibu pale pale: ni majazi, jina linasadifu tabia ya mhusika. Majisifu anajisifu, Imani ana imani. Basi, alama zimepatikana. Jibu hilo si kosa. Ila uhakiki ukiishia hapo, tunawanyima wanafunzi swali lenye uzito zaidi: ni nani aliyelitoa jina hilo, na alitaka kusema nini?

Hebu tutoke kitabuni kidogo. Mzazi anapompa mtoto jina, bado hajaijua tabia yake. Kitoto cha siku mbili kina tabia gani zaidi ya kulia na kunyonya? Anachokijua mzazi ni hali yake mwenyewe. Ndiyo maana Mluo aliyezaliwa usiku huitwa Otieno au Atieno. Mbukusu wa msimu wa njaa ni Wanjala au Nanjala; wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Kwa Wakalenjin, Kiprop na Cherop walikuja na mvua. Wakikuyu nao humpa kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Hapo jina ni heshima inayolipwa kwa zamu. Waswahili wana Tabu, Shida na Mashaka, majina yanayohifadhi mazito yaliyowapata wazazi. Nani atasema Wanjala ni mlafi, au Tabu ni msumbufu?

Turudi sasa kwenye Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora. Kitoto kinachoachwa mlangoni pa Amani, akakilea pamoja na Imani, kinaitwa Uhuru. Kwa kipimo cha majazi ya darasani, jina hilo halina la kusadifu, kwani mtoto huyo hakuwahi kutenda lolote. Anafariki akiwa mchanga baada ya kupuuzwa hospitalini. Lakini uliza linatoka upande wa nani, na maana inafunguka: Uhuru ni tumaini la wanyonge waliomlea, na kifo chake ni shtaka dhidi ya jamii iliyopata uhuru ikashindwa kuulea.

Au mtazame Madhubuti, mwanawe Mtemi Nasaba Bora. Wanafunzi huandika kwamba ana msimamo thabiti, wakaweka nukta. Lakini huyu ni mtoto wa mtawala dhalimu. Jina kama hilo katika nyumba kama ile ni ombi la kupata mrithi imara. Mrithi akapatikana, na uimara wake ukamgeukia baba mwenyewe. Kinaya hicho hukioni ukilichukulia jina kuwa kibandiko tu.

Kuna atakayesema kwamba majina yote hayo aliyatunga mwandishi, wazazi wa kubuni hawana usemi. Ni kweli. Lakini mwandishi amelelewa katika jamii ambamo jina ni kauli, na wasomaji wake vilevile. Anapotaja jina la mtoto, anatukumbusha kwamba kuna aliyemwita hivyo kwa mara ya kwanza, akiwa na hofu, deni au tumaini.

Jambo hili halihusu mtihani peke yake. Kijana aliyefunzwa kwamba jina ni tabia atamcheka mwenzake anayeitwa Shida, na Shida naye atalificha jina lake ukubwani. Akifunzwa kwamba jina ni kauli ya mzazi, atauliza, 'Kwani mama alipitia nini?' Hata mzazi wa leo anayeokota jina mtandaoni, eti kwa kuwa linapendeza sikioni, ana analolisema: angependa mwanawe atambulike katika ulimwengu upi.

Walimu wenzangu, tuendelee kufundisha majazi. Ila mwanafunzi akishaandika kwamba jina linasadifu tabia, tumwongezee swali moja: nani alimwita hivyo, na kwa nini?