Kabla ya Upinde Kulikuwa na Uta

Kwa mtazamo wa kwanza neno upinde halina siri. Mzizi wake ni pinda, na ile -e ya mwisho hutaja kitu kilichopitiwa na tendo: mtume katumwa, kiumbe kimeumbwa, upinde umepindwa. Pindo la nguo nalo limetoka kwenye kitenzi hichohicho. Uwazi huo ndio unaotia shaka. Silaha ya kale kiasi hiki kwa kawaida huwa na jina lililokwishasahau lilikotoka. Jaribu kutafuta kitenzi ndani ya mkuki, hukipati. Hoja yangu ni kwamba upinde lilianza kama maelezo ya chombo, na jina la chombo chenyewe lilikuwa uta.

Kamusi bado zinalihifadhi uta, pamoja na upote, ule uzi unaofungwa ncha hadi ncha. Mkamba na Mkikuyu husema uta mpaka leo, Mchewa wa Malawi na Mshona wa Zimbabwe vilevile. Huenda mtu akadai kwamba Waswahili waliliokota kwa majirani. Mbona basi wingi wake ni mata? Upinde huenda na pinde, kama ukuta na kuta. Uta huenda na mata, kama ugonjwa na magonjwa, na hiyo ni ngeli nyingine kabisa, ambayo kiambishi chake cha zamani kilikuwa bu-. Wakongo, kule pwani ya magharibi, nao wana uta na mata, ila kwao neno lilihamia kwenye bunduki. Neno la kuokota halivuki Afrika nzima likiwa limebeba wingi wake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi. Upinde ukivuliwa upote hubaki kama fimbo, wakati mwingine imenyooka kabisa, na mwenyewe huuvua makusudi, kwa kuwa mti ukishinda umekazwa huzoea mkunjo na kupoteza nguvu. Iweje uitwe kwa mpindo usiokuwa nao muda mwingi? Kwa sababu jina limechukuliwa wakati wa kazi: goti limekandamiza, kitanzi kinapanda kuelekea ncha ya juu, mti unagoma kisha unakubali. Kabla ya hapo mkononi kuna mti tu. Hata angani tofauti kati ya uta na upinde inaonekana. Mchewa akiona rangi baada ya mvua husema utawaleza, yaani uta wa Leza, Mungu. Pwani umbo lilitosha, mvua ikapewa upinde. Na bunduki ilipoingia huku ilikuja na jina lake la Kiarabu, kwa hiyo uta halikupata ajira mpya kama kule Kongo. Mwanafunzi akilikuta leo kamusini anaweza kudhani ni ukuta ulioangusha silabi.