Jicho la Kuazima

Kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa jioni, mpira wa Tanzania huchezwa mdomoni. Karibu kila redio ina saa yake ya michezo, na kila saa ina wachambuzi wake: nani kasajiliwa, nani kakorofishana na kocha, refa yupi kaibeba timu ipi, kamati imekaa au haijakaa. Mwisho wa juma mpira wenyewe unapewa dakika zake tisini, kisha Jumatatu maneno yanarudi kazini. Sina ugomvi na wachambuzi. Wapo wanaoujua mchezo na kuijua lugha. Lakini nikiwasikia mashabiki wanavyowapanga kwa ubora, kama wanavyopanga washambuliaji, naona kuna mtu kasahauliwa. Ni yule anayetangaza mechi redioni, hatua kwa hatua, kwa watu wasiouona uwanja. Kwa hesabu yangu, katika mpira wetu hakuna fundi asiyevaa jezi anayemfikia. Na anayetaka kumpima asimpimie Kariakoo, ampimie Bariadi.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga na sehemu kutoka Mwanza, ukiwa na wilaya tano: Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Timu ya Ligi Kuu haina. Msimu wa 2024/25 jirani wa karibu katika ligi hiyo alikuwa Pamba Jiji ya Mwanza, iliyorejea baada ya kukaa nje ya ligi zaidi ya miaka ishirini, na kuna utani wa bure hapo: pamba inalimwa huku, jina la timu liko kule. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Tena kalenda ya ligi inapishana vibaya na kalenda ya shamba. Mzunguko wa kwanza unapokolea, watu wanapanda. Ligi ikifika katikati, palizi imepamba moto. Na bingwa anapokaribia kujulikana, Mei na Juni, pamba inachumwa na kupelekwa kwenye mizani. Mechi ya saa kumi jioni inamkuta mtu ana jembe mkononi. Mikono ina kazi, macho yana kazi. Masikio tu ndiyo yako huru, na redio iliyofungwa kwenye usukani wa baiskeli, au simu iliyotiwa mfuko wa shati, inayachukua hayo hayo yaliyobaki.

Sasa fikiria kazi inayotakiwa kufanywa kupitia masikio hayo. Wachezaji ishirini na wawili, mpira mmoja usiotulia, na msikilizaji ambaye huenda hajawahi kuuona uwanja wenyewe. Mtangazaji anapaswa kumjengea uwanja kichwani, kisha aujaze watu, kisha auendeshe mpira humo bila kuupoteza. Kiswahili kinamsaidia kuliko tunavyodhani. Akisema “anamtoka”, neno moja tu limetaja anayefanya, wakati wa kufanya na aliyeachwa nyuma. Hakuna mpira duniani unaokwenda kasi kiasi cha kulishinda neno hilo. Lakini humo humo umo mtego. Kile kiambishi “a-” kinaweza kuwa mtu yeyote kati ya ishirini na wawili. Mtangazaji mvivu akishataja jina mara moja anateremka nalo: anapokea, anageuka, anatoa, anapokonywa, anapiga, na kufikia hapo hujui tena ni nani aliyepiga. Fundi anajua ni kitenzi cha ngapi kinachotaka jina lirudi. Hilo halifundishwi kwa kanuni. Ni sikio, kama la mpiga ngoma anayejua pigo lipi liachwe wazi.

Tazama zaidi anavyoitumia kauli ya kutendwa. Majalo yanamiminwa kutoka kulia. Mtangazaji anasema: unaingizwa, beki anaruka, haupati, unagonga mtambaapanya, unarudi ndani ya kumi na nane, unaokolewa. Vitenzi vyote hivyo, na hajamtaja mtu hata mmoja kwa jina. Anayedhani huo ni udhaifu hajasikiliza vizuri. Katika msongamano wa miili kumi mbele ya lango, mtu aliye juu kwenye kibanda cha habari anauona mpira kabla ya kumtambua aliyeugusa. Akikimbilia jina atakosea. “Unaokolewa” linampa nafasi ya kusema lililo kweli sasa hivi, na jina la mwokozi likafuata pumzi moja baadaye, likiwa la uhakika. Na hilo neno mtambaapanya litazame kwa karibu. Ni neno la ujenzi, boriti inayokatiza juu ya nyumba, njia ya panya usiku. Mtu wa kwanza kulitundika juu ya goli simjui, lakini alimfanyia kila msikilizaji wa kijijini hisani kubwa. Huhitaji kuwahi kuona goli la chuma lenye nyavu. Inua macho darini kwako, umeuona mwamba.

Kwa sababu hiyo nasema watu wa Simiyu ni mahakimu wazuri wa ufundi huu, na wana rekodi. Kabla mpira haujafika, Usukuma ulikuwa tayari na ligi yake: mashindano ya ngoma baada ya mavuno, na pande mbili zilizogawa ukoo, kijiji, hata nyumba, Bagika na Bagalu. Anayeshangaa Simba na Yanga zinavyoweza kuligawa taifa angeanzia huko. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Miguu yao ndiyo inayohesabu: kundi lililovuta umati mkubwa ndilo lililoshinda. Manju wa ngoma hiyo anajua kwamba ubeti mmoja uliolegea utampunguzia watu, nao hawatamwambia kwa nini wameondoka. Mtangazaji wa redio yuko katika hali ile ile, isipokuwa kwamba manju anawaona wakiondoka. Yeye hawaoni. Mtu anaweza kuzungusha kitufe kule Dutwa au Lagangabilili, na mtangazaji akaendelea kuamini kwamba bado yuko naye.

Kumbukumbu kubwa za mpira wetu zimekaa katika ufundi huu kuliko mahali pengine popote. Agosti 1979 Taifa Stars walitoka sare ya 1-1 na Zambia mjini Ndola, bao la Peter Tino, wakafuzu fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Bao ambalo nchi ililisimulia kwa miaka 39, mpaka Stars walipofuzu tena Machi 2019 kwa kuifunga Uganda 3-0, kwa Watanzania walio wengi halikuwahi kuwa picha. Lilikuwa sauti, na kila mtu alijichorea yake. Novemba 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, wakapata sare tasa Abidjan dhidi ya Stella, kisha wakalala 2-0 nyumbani Dar es Salaam. Televisheni za Bara zilianza mwaka uliofuata. Ukimkuta mzee wa Maswa anakueleza mabao yale mawili yalivyoingia, usimcheke kwamba hakuwepo. Aliazimwa jicho na mtu aliyekuwepo, na jicho hilo bado hajalirudisha.

Nitaambiwa hayo ni ya zamani. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka kumi wa haki za televisheni wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na hakuna atakayeweka fedha ya namna hiyo kwenye redio. Bariadi mjini vibanda umiza vinajaa, ving'amuzi vimefika hadi vijijini, na kijana mwenye bando anaangalia mechi kwenye kiganja. Ni kweli yote. Lakini televisheni inataka ukae, na shamba halikai. Dereva wa bodaboda hawezi kuangalia. Anayepika hawezi kuangalia. Kipofu hawezi kuangalia, na sijasikia hata siku moja mjadala wa haki za matangazo ukimtaja, ingawa ndiye msikilizaji anayetangaziwa kwa haki kamili: kwake mtangazaji mzuri na mtangazaji mbaya ni tofauti ya kuwa na mchezo au kutokuwa nao. Isitoshe, sauti nyingi tulizozisikia kwenye televisheni zililelewa redioni. Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, alipita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle na BBC kabla ya kufika Azam, na huyo huyo ndiye aliyeitwa Mzee wa Macharanga kwa muziki aliokuwa akiupiga. Naona si bahati mbaya. Aliyezoea kuingia na kutoka kwenye wimbo bila kuuvunja anajua pia pa kuingilia kwenye shambulizi. Wengine waliohamia kwenye picha walihama na mizigo yote ya redio, wakawa wanamwambia mtu kwamba mpira umetoka nje huku anauona unatoka. Kwenye televisheni sehemu kubwa ya ufundi ni kunyamaza, na wachache wameujua.

Pingamizi zito zaidi ni la uongo. Mashabiki wana utani wao wa siku nyingi, kwamba mechi ya redioni ni tamu kuliko ya uwanjani: shuti lililopaa hadi jukwaani, redioni limepita sentimita chache juu ya lango. Silikatai. Kasoro hiyo ipo, na imeongezeka. Lakini mtu akikuuzia dawa bandia, hujathibitisha kwamba dawa hakuna. Mtihani wa kweli ni mwepesi, nao hauhitaji televisheni. Mpe msikilizaji kijiti, achore uwanja mavumbini, aufuate mpira kwa masikio. Mpira ukitoka, aweke alama mahali unapotakiwa kurushwa. Akiweza, ametangaziwa mechi. Akibaki ameshika kijiti hewani, amepigiwa kelele. Kwa mtihani huo, matangazo mengi ya leo yanafeli, na si kwa kukosa sauti nzuri. Yanafeli kwa sababu winga anamimina majalo huku mtangazaji anawasalimu wadhamini. Kwa sababu watu watatu wanabadilishana kipaza sauti na kila mmoja ana kisa chake. Kwa sababu jina la mchezaji linavutwa hadi mwisho wa pumzi bila kutuambia amesimama wapi. Hisia kabla ya mahali, hapo ndipo wanapokosea. Ukiniambia kwanza mpira uko hatua ishirini kutoka langoni, upande wa kushoto, na mbele kuna beki mmoja, moyo wangu utapanda wenyewe. Hutahitaji kunipandishia.

Kuhusu ushabiki sitatumia maneno mengi. Kila mtangazaji ana timu, kama kila Msukuma wa zamani alivyokuwa na upande wake wa ngoma. Linalompima ni bao la wale asiowapenda. Novemba 5, 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1, na aliyeitangaza mechi ile alilazimika kuipandisha sauti mara tano kwa upande mmoja na mara moja kwa upande wa pili, bila ya tano kusikika kama tangazo la msiba wala furaha ya harusi ya dada yake. Hiyo ni nidhamu ya kazi, kama ya mpima pamba ambaye mizani yake haijui gunia ni la shemeji.

Nirudi kwa wachambuzi, maana mwaka 2025 ulinipa ushahidi ambao nisingeweza kuutunga. Machi 8 mechi ya Simba na Yanga iliahirishwa siku ile ile iliyotakiwa kuchezwa, baada ya Simba kugoma wakidai walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Mpira haukupigwa hata teke moja. Studio lakini hazikukauka: wiki baada ya wiki kanuni zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena, hadi mechi ilipochezwa Juni 25 na Yanga wakashinda 2-0. Mchambuzi alionyesha kwamba anaweza kuishi miezi mitatu na nusu bila mpira, tena akanenepa. Mtangazaji hawezi. Mpira usipochezwa hana neno, na ukichezwa hana ruhusa ya kusema lingine. Utumwa huo ndio unaoifanya kazi yake iwe safi zaidi kuliko ya manju pia, kwa kuwa manju anachagua habari ya kuimba, lakini yeye habari yake inachaguliwa na miguu ya watu wengine.

Kuna kitu kidogo ambacho mafundi wa zamani hawakukiacha, na wa leo wanakisahau: kurudia matokeo na dakika. Ukiwa kwenye kochi mbele ya picha, namba ziko kwenye kona ya kioo saa zote. Redioni hazipo mpaka zitajwe, na msikilizaji wa redio ana tabia ya kuingia mechi ikiwa njiani. Saa kumi na moja na nusu ng'ombe wanarudi kutoka mtoni, mchungaji anafunga zizi, anakuja na fimbo yake begani hadi chini ya mti ilikotundikwa redio, anauliza: ngapi ngapi? Waliomtangulia wameinama kwenye mafungu ya pamba, wanapepeta majani makavu, hakuna anayenyanyua kichwa. Dakika ya sabini na mbili, anajibu mtu aliye kilomita elfu moja kutoka hapo, bado hawajafungana, na mpira unarushwa upande wa jua.