Mbegha alialikwa, au alijialika?

Likizo iliyopita nilipanda Bungu nikiwa na kitabu kimoja kwenye mkoba na nadharia moja kichwani. Kitabu ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Nadharia ni ubaadaukoloni, ambayo kila aliyepita darasa la fasihi chuoni keshaonja ladha yake. Kwa ambaye hajaonja: ni namna ya kusoma inayouliza ukoloni uliyafanya nini maandishi, na maandishi nayo yaliusaidia vipi ukoloni. Edward Said alionyesha mwaka 1978 jinsi wasomi wa Ulaya walivyoiumba "Mashariki" kwenye karatasi, wakarahisisha kazi ya kuitawala. Miaka kumi baadaye Gayatri Spivak akauliza kama mtu wa chini kabisa, anayesemewa na kila mtu, anaweza kusikika. Katikati hapo, 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o akaja na swali la lugha.

Maswali mazuri. Shida ni tunavyoyatumia. Kazi nyingi za wanafunzi nilizosoma, na zangu zimo, zina mtindo mmoja: tafuta mkoloni, tafuta mtawaliwa, onyesha unyonge, onyesha upinzani, funga. Kwa riwaya nyingi mtindo huu unatosha kupata alama. Sasa chukua kitabu ambacho Mzungu si mhusika mkuu, kinachosimulia ufalme ulioanza kabla hata meli ya Mjerumani haijaonekana Tanga. Utamtafuta nani?

Habari za Wakilindi kilichapwa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907 kwenye mtambo wa misheni ya Kianglikana kule Magila, Bondei. Mwandishi alikuwa Mwislamu, mtu wa pwani, aliyeishi karibu na watawala wa Kikilindi, Semboja wa Mazinde akiwamo. Yaani: habari za wafalme wa milimani, zimeandikwa kwa Kiswahili cha pwani, zimechapwa na Wakristo, chini ya serikali ya Kijerumani. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza tayari kuna mikono minne. Hapo nadharia inatusaidia kweli, kwa sababu inatulazimisha kuihesabu.

Hadithi yenyewe wengi mnaijua. Mbegha ni mwindaji wa Nguu, upande wa Handeni na Kilindi ya leo. Alipokuwa mtoto meno ya juu yalitangulia kuota, kwa hiyo ni kigego, mtoto wa nuksi. Anakimbia kwao, anazunguka na mbwa wake akiua nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba, anapanda Usambara, anagawa nyama. Bumbuli wanampa mke. Vugha anaua simba aliyevamia usiku, na watu wanamfanya mfalme, Simba Mwene. Anaweka wanawe kuwa machifu huku na huku, na kila mmoja anakaa kwa wajomba zake. (Pembeni kidogo: Mwislamu wa pwani anamsimulia kwa heshima zote shujaa aliyejipatia nchi kwa kuua nguruwe. Natamani sana kujua alikuwa akiwaza nini.)

Jambo la kuangaliwa ni kwamba hakuna vita. Washambaa wanampa nchi wenyewe. Msomaji aliyefundishwa na Said lazima anyanyue nyusi, kwa sababu "walituita wenyewe" ni kauli ya watawala wengi duniani. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akikusanya mikataba, akarudi Berlin na karatasi zinazosema watemi wamempa nchi zao kwa hiari. Nguu ndiko alikotoka Mbegha! Hadithi moja inamtoa mtu Nguu akapewa Usambara. Karatasi nyingine inampeleka Mjerumani Nguu akapewa Nguu. Mimi nilifurahia sana ulinganisho huu. Nikaanza na kuandika insha: Habari za Wakilindi ni hati ya kuhalalisha utawala, basi.

Babu yangu ndiye aliyeniharibia insha. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo jioni nilikuwa namsomea. Sisi si Wakilindi, ni Washambaa wa kawaida tu. Alisikiliza mpaka kwenye simba, akacheka kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hao waliompa nchi walikaa wapi wakaamua? Na siku wakighairi?"

Swali la kwanza ni la Spivak, ila babu hajawahi kumsikia Spivak. La pili halimo katika nadharia niliyofundishwa. Na la pili ndilo kubwa.

Maana kitabu kina jibu, tena refu. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai miaka ya 1860, mjukuu wake Shekulwavu alikaa Vugha, na Semboja, mtoto wa Kimweri, akamfukuza. Semboja alikuwa na bunduki. Mazinde ipo tambarare, kwenye njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Pare na Kilimanjaro, na bidhaa iliyonunua bunduki zile ilikuwa watu. Vurugu zilipopamba moto Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi, wakawaua na kuwauza. Uasi huo unaitwa Kiva. Mwandishi wetu, mtu wa karibu na Wakilindi, anausimulia akisimama upande wa walioasiwa. Lakini anausimulia. Waliowaalika wafalme wameghairi, na karamu imeisha kwa damu.

Sasa, mtindo wetu wa "mkoloni na mtawaliwa" unaifanya nini Kiva? Haina Mzungu, kwa hiyo haihesabiki kuwa upinzani. Au Wakilindi wanageuzwa kuwa "Waafrika" tu, wahanga wa Mjerumani ajaye, na Mbondei aliyeuzwa Pangani anapotea mara ya pili. Hii ndiyo hasira yangu na usomaji wetu. Nadharia iliyozaliwa ili kuwasikiliza wa chini inaishia kuwasikia pale tu wanapozungumza na Ulaya.

Kipimo kingine kipo, tena cha hukuhuku. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara kwa miaka mingi, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu fikra za wakulima anafuatilia misemo miwili ya Kishambaa: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu asiye na mshindani alitarajiwa kuleta mvua na shibe. Watawala wakigombana, njaa. Chifu alipimwa hapo. Waingereza walipowarudishia Wakilindi utawala miaka ya 1920 kipimo kiliwafuata, na miaka ya 1950, watu walipolazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, ubishi ulikuwa pia juu ya nani anaiponya nchi na nani anaiharibu.

Ukisoma Mbegha kwa kipimo hicho, ile zawadi ya nyama inabadilika. Nguruwe wameondoka shambani, watu wameshiba, simba amekufa. Mambo yote ni ya kuponya nchi. Kumbe hadithi ya mwaliko ina masharti ndani yake, na Mkilindi anayeisimulia ili kujisifu anasimulia pia sababu ya kuondolewa. Peters hakuwa na hadithi ya namna hiyo. Karatasi zake hazina mvua.

Sisemi tuitupe nadharia. Swali la Ngũgĩ, kwa mfano, linachoma hapa kuliko kwenye riwaya za Kiingereza, maana lugha iliyomeza Kishambaa kwenye kitabu hiki ni Kiswahili, na sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi kuambiwa hivyo. Abdulrazak Gurnah analijua eneo hili lenye utata. Katika riwaya yake ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, Yusuf anawekwa rehani kwa mfanyabiashara wa misafara kwa deni la baba yake, na Wajerumani wanakuta nyumba ambayo tayari ina wafungwa.

Kitabu kilitolewa upya mwaka 1962, na J. W. T. Allen ndiye aliyekihariri. Mwaka uliofuata serikali ya Tanganyika huru ilifuta uchifu. Nilimweleza babu, naye akasema hilo analikumbuka, lakini hakuendelea.

Jioni ya tatu hakutaka tena habari za simba. Alisema turudie ile ya Kiva, na nisome polepole.